Mkituonesha Vita, Tuonesheni na Harusi Yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nina neno na pande mbili. Upande wa kwanza ni msomaji mwenzangu aliyeandika hapa kutaka katuni zote zenye mapigano ziondolewe saa za watoto, akidai vita kwenye hadithi za watoto ni mambo ya wageni. Upande wa pili ni kituo kimoja cha televisheni tunachokipata kwa king'amuzi, ambacho kimewaacha wajukuu zangu, pamoja na watoto wengi wa mtaa wetu hapa Kirumba, Mwanza, wakining'inia katikati ya vita ya katuni isiyomalizika.

Kazi yangu ni upishi wa shughuli. Harusi, sendofu, maulidi, ubarikio, hata msibani naitwa. Nimeanza nikiwa msichana namchotea mama yangu maji, kwa hiyo harusi naijua kwa upande wa mafiga. Na katuni nazijua kwa sababu mchele nachambulia sebuleni, watoto wakiwa wamejipanga mkekani mbele ya televisheni. Gunia zima la mchele huwezi kulichambua mahali kama hapo usijue nani kapigana na nani.

Katuni ninayoisema ni The Lion Guard ya Disney, ambayo sehemu zake zilitoka kati ya mwaka 2016 na 2019. Inamhusu Kion, mtoto wa Simba, na kikosi chake cha ulinzi: Bunga ambaye ni nyegere, Fuli ambaye ni duma, Beshte ambaye ni kiboko, na Ono ambaye ni yangeyange. Fisi wakorofi wanaongozwa na Janja. Nyoka mwenye sumu anaitwa Ushari. Watoto wa huku hawahitaji kuelezwa chochote hapo. Majina ni yao, na yangeyange wanamwona kila siku akitembea nyuma ya ng'ombe au akisubiri makombo kule mwaloni, samaki wanakoshushwa.

Msimu wa tatu unaanza na vita kubwa. Scar, adui ambaye anaishi ndani ya moto wa volkano, amekusanya jeshi, na Kion anamfuata humo humo ndani ya mlima. Upande wa Kion unashinda, hata Janja anageuka na kukubali fisi wote waongozwe na Jasiri, fisi mwema rafiki wa Kion. Lakini ushindi huo una gharama. Ushari anamng'ata Kion karibu na jicho, sumu inamwingia mwilini na kovu linabaki usoni. Ono naye anaharibiwa macho na moshi wa volkano, yeye ambaye kazi yake kikosini ilikuwa kuona mbali.

Hapo ndipo kituo kilipokata. Kesho yake saa ile ile wakatuwekea mpira, na mpira ulipokwisha kipindi kikaanza upya kutoka sehemu ya kwanza kabisa, Kion akiwa mdogo hana hata kovu. Hakuna tangazo, hakuna maelezo, hakuna wa kuulizwa. Nilimwomba mwanangu apige simu, akaambiwa ujumbe utafikishwa.

Mjukuu wangu wa kike aliniuliza, "Bibi, Ono alipona macho?" Akaniuliza tena kesho yake, na siku iliyofuata. Mtoto akikuuliza swali moja siku tatu mfululizo, ujue halitoki kichwani mwake.

Uani kwangu nilipanga kuni kwa ajili ya shughuli ya Igoma. Fito zote nyembamba zilichukuliwa. Kila mtoto akawa Kion, kila mtoto akanguruma. Mvulana wa jirani aliyelazimishwa kuwa Ushari alipigwa kweli kweli, akaja kwangu analia na mstari wa fito mgongoni. Hakuna aliyetaka kuwa Ono. Mtu aliyepoteza macho vitani hana mchezo, kwa sababu walichooneshwa ni namna anavyoumia tu. Namna anavyohudumiwa hawakuiona.

Msomaji mwenzangu angeiona fito ile angesema: unaona, ndiyo hayo niliyoyaandika, ondoeni vita. Namwelewa, na uchungu wake kwa watoto naushiriki. Ila mimi dawa yangu ni tofauti. Tuoneshwe na kilichobaki.

Kilichobaki ni hiki, nakisema kwa ajili ya wazazi wote ambao watoto wao wanawasumbua. Kion na wenzake wanaondoka nyumbani kwenda mbali kutafuta Mti wa Uzima, mahali ambapo wagonjwa hutibiwa. Sehemu nyingi za msimu huo ni safari tu. Njiani ile sumu inamfanya Kion awe mwepesi wa hasira. Anawafokea rafiki zake, na ngurumo yake, ambayo ndiyo silaha yake kuu, inamponyoka. Mshindi wa vita anakuwa hatari kwa watu wake mwenyewe, na wao wanamvumilia na kuendelea kutembea naye. Wakifika wanatibiwa. Macho ya Ono yanapata nafuu lakini hayarudi kama zamani, kazi ya kuona mbali anabaki nayo Anga, ambaye ni tai, na Ono anapewa heshima nyingine kikosini, ya akili yake. Kisha wanarudi nyumbani, wanakuta kikosi kipya kinaongozwa na simba jike aitwaye Vitani, na baada ya kushindanishwa Kion anakubali kukiachia kazi. Mwisho kabisa anarudi Mti wa Uzima na kumwoa Rani, malkia wa huko, anatawazwa kuwa mfalme kando yake.

Hiyo ndiyo harusi tuliyonyimwa. Mtu anaweza kusema ni harusi ya simba wa kuchorwa, ina uzito gani? Nitaeleza kwa jambo la kwetu.

Mimi ni mtu wa Kanda ya Ziwa. Vita ya Kagera ilipoanza Oktoba 1978 kaka yangu mkubwa alikwenda. Kampala ilianguka Aprili 1979, na yeye alirudi baadaye akiwa mzima wa viungo. Wazee wetu kule Magu hawakuharakisha kumwoza, ingawa mahari ilishakubaliwa na ng'ombe walishahesabiwa. Alikuwa anafoka. Alikuwa anamfokea mama, na kabla ya vita hakuwa mtu wa namna hiyo. Walimwacha achunge, alime, akae na babu jioni. Harusi ikafanyika mwaka 1980, ukoo mzima ukakusanyika.

Kijijini palikuwa na mama ambaye mwanawe aliondoka pamoja na kaka yangu na hakurudi. Wazee wakaamua kwamba siku ile chakula cha kwanza apelekewe yeye, kabla ya bibi harusi, kabla ya wakwe. Mimi ndiye niliyetumwa na sinia. Alinawa, akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi, akala. Akamega la pili. Wanaume waliokuwa wameshika ngoma walikuwa wanamtazama yeye, na alipomeza lile la pili ndipo wakaanza kupiga. Nimepika harusi nyingi tangu siku hiyo, za maturubai na za kumbi zenye taa za rangi, na bado ile ndiyo ninayoitumia kupimia nyingine zote.

Vita ya kaka yangu iliishia pale kwenye sinia, si siku aliyoshuka kwenye lori. Kwa hiyo mtu wa kituo akiniambia kuwa zile sehemu za safari na harusi ni "za kumalizia tu", kwamba watoto wanapenda vita, simkubalii hata kidogo.

Nirudi kwa msomaji aliyesema vita ni mambo ya wageni. Usukumani kila mtoto aliyelelewa na bibi amesimuliwa Shing'weng'we, dubwana lililomeza watu wote wa dunia pamoja na mifugo yao. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akauliza watu wako wapi, akaambiwa wamemezwa na Shing'weng'we, akaondoka kwenda kumtafuta. Akarudi na panzi: mama, ndiye huyu? Siye. Akarudi na ndege: ndiye huyu? Siye. Hivyo hivyo, mnyama baada ya mnyama, hadi siku aliyolikuta dubwana lenyewe, akalipiga, akaliua, akalipasua. Baba yake akatoka, ndugu wakatoka, watu wote wakatoka.

Ni vita kubwa kuliko ya volkano ile. Lakini bibi yangu hakuwahi kuishia hapo. Wakati wa kupasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani ya tumbo. Bibi kizee akakasirika, akamtukana Masala, akataka hata kumroga. Alikuwa ameokolewa, lakini sikio lake lilikuwa limekatika na lilikuwa linauma. Masala Kulangwa hakumwambia "nyamaza, nimekuokoa." Alitafuta dawa, akamtibu, akapona. Baada ya hapo ndipo watu wakamsimika kuwa mtemi wa dunia yote, na mama yake akaheshimiwa kama mama wa mtemi. Utemi haukuja kabla ya sikio kupona.

Wajukuu zangu nilipowasimulia hii, yule wa kike akasema, "Kama Ono." Sikumfundisha mimi. Alikuwa bado hajaona mwisho wa katuni, lakini alishajua kwamba majeraha ya vita lazima mtu ayarudie.

Na pwani je? Utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913 unasomwa hadi leo. Shujaa amefungwa, anasubiri kuuawa. Anamwagiza kijakazi Saada amwambie mama yake atie tupa, kile chuma cha kukerezea, ndani ya mkate wa wishwa, yaani wa pumba, kwa sababu walinzi mikate mizuri huila wenyewe na ule wa wishwa humwachia mfungwa. Kisha anaomba apigiwe gungu, ngoma ya shangwe, na katikati ya kelele za ngoma anakereza minyororo hadi inakatika. Mimi kama mpishi napenda sana kwamba ukombozi wake ulianzia mikononi mwa mama aliyekanda unga. Shujaa, jiko na ngoma viko pamoja. Wahenga wa pwani na wahenga wa ziwani hawakukaa kikao, lakini wote waliona kwamba vita haisimuliwi peke yake.

Mtoto wa dada yangu anahariri video za harusi na siku hizi anajifunza kuchora katuni kwa kompyuta. Nilimuuliza kwa nini vita na harusi huwekwa mwisho mwisho. Akanieleza kwamba kwenye sinema hupita picha 24 kwa sekunde moja. Kipindi cha dakika 22 kina picha zaidi ya 31,000. Hata mchoro mmoja ukitumika kwa picha mbili mbili, kama wafanyavyo wengi, bado ni michoro zaidi ya 15,000, na kila mhusika unayemwongeza kwenye picha ni kazi ya mtu. Wahusika wawili wakizungumza chini ya mti ni nafuu. Kundi zima likikimbia, au kundi zima likicheza na kushangilia, ndipo kazi na gharama zinapopanda. Kwa hiyo watengenezaji wengi hubana matumizi kwenye sehemu za katikati ili waje kutumia fedha pale ambapo kila mtu lazima aonekane. Na mambo yanayokusanya kila mtu ni hayo hayo mawili.

Nililielewa hilo mara moja. Kamati ya harusi nayo hujibana vikao vyote ili siku yenyewe pawe na chakula. Sasa fikiria watu wamechora maelfu ya picha kwa ajili ya siku hiyo, halafu mtu mmoja kwenye chumba cha matangazo anaikata.

Si The Lion Guard peke yake iliyojengwa hivyo. Mjukuu wangu anayesoma sekondari alinionesha mwisho wa katuni nyingine, The Legend of Korra, iliyomalizika Desemba 2014. Jitu kubwa la chuma linaingia mjini, vita inapiganwa, katikati ya jiji panabaki magofu. Kisha Varrick anamwoa Zhu Li, na anayewafungisha ndoa ni Bolin, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa anapigana. Nilichokipenda ni kwamba hawakusubiri jiji lijengwe upya ndipo wafurahi. Hata kwetu matanga na harusi hufuatana kwa karibu kuliko watu wa vitabu wanavyofikiri.

Wachoraji nao nina la kuwaambia, kwa heshima. Katika katuni za watu, harusi huwa haina jiko. Watu wamevaa, maua yamepangwa, keki imesimama, lakini hakuna anayemenya vitunguu. Hakuna anayeamka saa tisa usiku kuwasha moto. Hakuna wanawake waliokaa kwenye ndoo zilizopinduliwa wakiosha masahani huku wakiimba, na pale ndipo habari zote za harusi zinapozungumzwa, nani kapatana na nani, nani bado ana kinyongo. Nimeshuhudia mawifi waliokuwa hawasalimiani mwaka mzima wakipatanishwa na sufuria la pilau, kwa sababu sufuria la kilo 30 halishuki mafigani bila watu wawili kushika mipini na kuhesabu pamoja. Mchoraji akichora hilo, mtoto ataelewa amani inatengenezwa vipi.

Na tunao wachoraji. Ubongo Kids inatoka Dar es Salaam, kwa Kiswahili, tangu mwaka 2014, na imewafundisha watoto wetu hesabu na sayansi kwa nyimbo. Mtoto wangu wa mwisho alilijua jedwali la kuzidisha kwa kuimba. Sasa nawaomba vijana wa kazi hiyo, wa Dar es Salaam na wa hapa Mwanza, watutengenezee Masala Kulangwa. Waende Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, wakaone vigoda, ngoma na nyumba zilivyokuwa. Wachore lile pambano kwa nguvu zote, wasiogope. Lakini wachore na sikio la bibi kizee, na dawa ikisagwa, na siku ya kumsimika mtemi, vikundi vyetu viwili vya ngoma vya jadi, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, wakishindana kucheza, na nyuma yao moshi wa jikoni. Wakihitaji kujua mafiga hupangwaje na chakula cha watu 500 hupikwaje, waje uani kwangu Kirumba. Nitawaonesha bila malipo.

Mwishowe yule mtoto wa dada yangu alitutafutia sehemu zilizobaki, tukazitazama jioni kadhaa kwenye kompyuta yake. Wiki hiyo mchezo uani ulibadilika. Mtoto mmoja anafungwa kanga machoni, anakuwa Ono, anaongozwa kwa mkono kuzunguka simtanki, kupita nyuma ya banda la kuku, na kila baada ya hatua chache anauliza kama wamefika. Safari hiyo inaweza kuchukua asubuhi nzima. Yule mvulana aliyekuwa Ushari siku hizi ndiye anayetangulia kuonesha njia. Fito bado zipo, na bado naamua ugomvi. Harusi yao huwa na mchanga uliopikwa kwenye vifuniko, na nimegundua wanamtuma mtu na sinia kabla ya kuanza kucheza. Hilo wamelipata kwangu, si kwenye katuni.

Lakini watoto wa nyumba ya nne kutoka kwangu hawana mtoto wa shangazi mwenye kompyuta. Wao bado wako ndani ya volkano. Na wako wengi, Kitangiri, Mabatini, Igoma, Nansio kule Ukerewe, ambao televisheni ya jirani ndiyo kila kitu.

Kwa hiyo ombi langu kwa kituo ni dogo. Mkinunua kipindi, kinunueni hadi mwisho wake. Mkianza kurusha msimu, umalizeni kabla ya kurudi mwanzo. Mpira ukiingilia, tangazeni sehemu iliyorukwa itaoneshwa lini. Na hiyo sehemu ya harusi ya Kion na Rani, pamoja na zile za safari zinazoitangulia, tunaiomba irushwe. Ikiwezekana iwe Jumapili mchana, na itangazwe mapema, kwa maana Jumamosi mimi na wenzangu tuko kwenye mafiga.

Wako,
Mpishi wa shughuli,
Kirumba, Mwanza